Inatekenya Tu

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Kasuku alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na kazi yake yote ilikuwa kuyakamata maneno yaliyokaa mahali pasipo pao. Aliwahi kuzuia nakala elfu tatu za kitabu cha shule zisitoke kiwandani kwa ajili ya herufi moja. Hata hivyo kulikuwa na neno lililokaa nyumbani kwake miezi minane, likatamkwa mezani, mlangoni na kitandani, naye akalipita kila siku bila kuliona. Neno lenyewe lilikuwa kutekenya.

Aliyelileta ni mumewe, karani wa bohari ya vifaa vya ujenzi, mtu wa watu, ambaye hata kabla hajafungua kinywa majirani huwa wameshaanza kutabasamu. Siku ya kwanza bomba la bafuni lilipompiga umeme, alitoka na taulo kiunoni akicheka mpaka machozi. "Mama Kasuku, heta yetu ya maji ina mikono! Imenitekenya mpaka kwapani!" Neno likapendeza. Likavuka ukumbi likaingia kwa mshonaji wa mlango wa pili, likapanda ngazi, na kabla ya mwezi kwisha nyumba zote sita za jengo lile zilikuwa na heta zinazotekenya. Dawa yake nayo ikajulikana: ndara za mpira miguuni, na kitambaa kikavu cha kushikia bomba. Kila nyumba ilitundika kitambaa chake kwenye msumari karibu na mlango wa bafu, na mgeni alionyeshwa kitambaa kama anavyoonyeshwa sabuni.

Mtoto wao, binti wa miaka saba, aliitwa Kasuku kwa sababu alirudia kila alichosikia vilevile kilivyosemwa, hasa kile ambacho wazazi wangependa kisirudiwe. Jumanne moja asubuhi alitoka bafuni kabla ya wakati, povu likiwa bado nyweleni, mkono wa kulia ameushika kwa mkono wa kushoto. Hakuwa analia. Mama yake alikuwa akipiga pasi sketi ya shule.

"Mama, leo heta haikunitekenya."

"Vizuri. Haya, suuza hilo povu, tunachelewa."

"Imenishika."

Pasi ikasimama juu ya kitambaa. Mama Kasuku aliinyanyua kabla haijaunguza, akaichomoa, akageuka. "Imekushikaje?"

"Mimi nilishika bomba, halafu bomba likanishika mimi. Nikataka kuachia, mkono hautaki. Nikakuita. Sauti haikutoka. Halafu nikateleza na sabuni, nikaanguka, ndiyo likaniachia."

"Ndara zako?"

"Moja ilikatika jana. Nilikwambia."

Alikuwa amemwambia. Mama Kasuku alipiga magoti, akaugeuza ule mkono, akaangalia kiganja na kidole kimoja kimoja. Hapakuwa na alama yoyote. Goti ndilo lililochubuka. Akamkalisha mtoto kitini, akaenda kuzima swichi ya heta iliyokuwa juu ya mlango wa bafu, kisha akabaki amesimama pale, kidole bado kikiwa juu ya swichi. Mtoto alikuwa amebadilisha kitenzi. Jengo zima la watu wazima lilikuwa limekosea, naye mtoto amesahihisha.

"Kuna nini huko?" mumewe aliuliza kutoka chumbani. Alikuwa akinyoa ndevu, na alikuwa akiimba.

* * *

"Hakuna kuoga kwa heta," alisema Mama Kasuku. "Swichi hii haiguswi mpaka fundi aje."

"Mama Kasuku, kwa baridi hii?"

"Kwa baridi hiihii."

"Sawa, nitamwita Dakika Tano." Lilikuwa jina la utani la fundi umeme wa mtaa, kwa kuwa hakuna kazi ambayo hakuahidi kuimaliza kwa dakika tano. "Lakini usimtie mtoto hofu. Watoto wanaongeza chumvi."

"Huyu haongezi chumvi. Huyu anarudia."

Mume akatafuta shati lake.

Alasiri, aliporudi kutoka kazini, Mama Kasuku alivua viatu, akaingia bafuni kuchota maji ya kuchemsha. Swichi ya heta ilikuwa imezimwa; taa yake nyekundu haikuwaka. Kwa hiyo hakujisumbua na ndara wala kitambaa. Alipolishika bomba, kitu kilimpiga kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, ndoo ikamtoka, ikabiringika hadi ukutani. Alitoka nje akaitazama tena swichi. Ilikuwa imezimwa. Akaiwasha, akaizima, akarudi na kuligusa bomba kwa mgongo wa kidole. Likampiga.

Mumewe alipoelezwa alikuna kichwa. "Labda umeme umebaki ndani. Kama chai inavyobaki na joto kwenye chupa."

Kwa kawaida Mama Kasuku angecheka. Jambo lililomtia uchungu ni kwamba mzaha ule ulikuwa mzuri.

* * *

Mwenye nyumba hakai karibu, na jengo lake husimamiwa na ofisi ya wakala. Jumatano, saa ya mapumziko ya mchana, Mama Kasuku alikwenda huko na kupanga foleni. Msichana wa mapokezi alimpa fomu ya hitilafu. Kwenye mstari wa heta kulikuwa na visanduku vitatu: *Haipashi maji. Imeungua. Inavuja maji.*

"Tatizo langu halimo humu," alisema.

"Inapasha maji, mama?"

"Inapasha vizuri."

"Imeungua?"

"Haijaungua."

"Inavuja?"

"Inavuja umeme."

Msichana akainua macho. Hakuwa mjeuri, alikuwa mchovu. "Umeme hauvuji, mama. Maji ndiyo yanavuja."

"Imemshika mwanangu mkono."

"Pole, mama. Lakini kama inapasha na haijaungua, basi inafanya kazi. Nikiandika kitu kingine, watanirudishia." Akashusha sauti. "Majirani wanasemaje?"

Mama Kasuku alisita. Aliliona jibu likimjia, na akajua tangu hapo litakavyopokelewa. "Wanasema inatekenya."

"Aa!" Msichana akacheka kwa nafuu, na mzee aliyekuwa nyuma kwenye foleni akacheka naye. "Inatekenya tu! Hata ya kwetu inatekenya, mama. Vaa ndara."

Alirudi kazini amechelewa kwa robo saa, na msimamizi wake akamtazama, kisha akaitazama saa ya ukutani. Mchana ule aliruhusu makosa mawili yapite katika kurasa za jiografia.

* * *

Alhamisi Dakika Tano alikuja, na mfuko wake wa vifaa begani na salamu ndefu mdomoni. Mume alikuwa bado bohari. Fundi aliingia bafuni, akaitazama swichi iliyozimwa, akatoa bisibisi yake yenye kitaa cha kupimia umeme na kuigusisha kwenye bomba. Kitaa kikawaka.

Hapo akaacha kuongea. Akagusa tena, akaangalia tena swichi.

"Nilikuambia," alisema Mama Kasuku.

"Mama, twende chini kwenye sanduku kubwa."

Chini ya ngazi, nyuma ya baiskeli za watoto, lilikuwapo sanduku la umeme la jengo zima. Fundi alifungua mfuniko. Hakuhitaji kutafuta, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye waya wa kijani wenye mstari wa njano, ambao ncha yake ilikuwa imekunjwa vizuri na kufungwa kwa utepe mweusi, haikuunganishwa popote.

"Huu ni nini?"

"Ethi."

"Ethi ni nini?"

"Ni ardhi, mama. Waya unaoshuka ardhini. Heta ikivuja umeme, umeme unapita hapa, unakwenda kufia chini. Na huo ukivuja, hii swichi kubwa inajua, inajizima yenyewe."

"Na sasa waya haujashikana na ardhi."

"Haujashikana."

"Basi umeme unaovuja unakwenda wapi?"

Dakika Tano akajifuta mikono kwenye suruali. "Unazunguka. Nyumba zote sita, nyaya hizi zimeungana huku juu. Ukivuja kwa mmoja, unabisha hodi kwa wote. Unatafuta mtu aliyesimama chini, umpitie."

"Hata mimi niliyezima heta yangu."

"Hata wewe uliyezima heta yako."

Mama Kasuku alilitazama lile fundo la utepe. Ilikuwa kazi safi. "Nani aliufungua?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Swichi ilikuwa inazima jengo kila asubuhi! Watu wanatoka na povu, wananipigia simu, wananitukana. Nilipoufungua huu, ikatulia. Dakika tano." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana.

"Na nani alikuagiza?"

"Mama, mbona unaniuliza kama polisi, na jibu unalo nyumbani? Ni bwana wako. Alinisubiri hapahapa, povu liko sikioni, anasema ataichapa kibao hii swichi. Majirani wote walichekaje siku ile! Akaninunulia soda."

Soda ile aliikumbuka. Mumewe alimsimulia habari yake jioni ileile, miezi minane iliyopita, kama kisa cha kuchekesha, naye alicheka huku akimenya viazi.

"Urudishe sasa hivi," alisema.

"Nikiurudisha, swichi itakata kabla sijafunga sanduku, na itakata mpaka tujue ni nani anavuja. Lazima wote sita wazime heta zao, tuwashe moja moja. Wakikubali, niite. Wasipokubali, mimi sitaki kuliwa nyama."

* * *

Mumewe hakukana. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akivua soksi, na mkewe akamweleza yote akiwa amesimama.

"Ulijua?"

"Nilijua ameinyamazisha. Sikuuliza ameinyamazishaje."

"Ulimnunulia soda."

"Mama Kasuku, kila mtu alikuwa analalamika! Mimi nilikuwa mdomo tu wa..." Alitaka kusema kitu cha kuchekesha. Mkewe alikiona kikipanda usoni pake kama kilivyopanda mara elfu, na akakiona kikifa. Mtoto alikuwa amepita kwenda kunywa maji, na gilasi ameishika kwa mkono wa kushoto. Tangu Jumanne alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto.

"Nitawaambia mimi," baba alisema.

Akatoka na soksi moja. Mama Kasuku alisikia akibisha kwa mshonaji, kisha minong'ono, kisha kicheko. Akasikia hatua zikipanda. Mlango mwingine, kicheko kingine, kikubwa zaidi. Baada ya nusu saa akarudi na kujiegemeza mlangoni.

"Wanacheka."

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia ukweli! Neno kwa neno. Mshonaji kasema, 'Baba Kasuku, ya leo umeipika ikaiva, eti umeme unabisha hodi.' Bwana arusi wa juu, yule aliyeoa juzijuzi, kaniuliza kama ukibisha hodi nao unavua viatu. Hata Nesi wa juu kabisa kacheka, na yule hacheki." Akaangalia mguu wake ulio mtupu. "Sijui niseme vipi ili waniamini. Sina sauti nyingine."

Ijumaa Mama Kasuku alizunguka yeye. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa pole, wakamwambia baridi ikipungua wataona. Mshonaji alimshika bega: "Shoga, ukiuchunguza sana mkate utakuta mdudu. Vaa ndara."

* * *

Jumamosi asubuhi, saa ambayo mabomba yote ya jengo hufunguliwa kwa pamoja, Mama Kasuku alishuka ngazi, akafungua sanduku na kuvuta mpini wa swichi kuu chini. Redio nne zikanyamaza kwa mpigo mmoja. Dakika Tano, ambaye Mama Kasuku alikuwa amemwita na kumhakikishia kuwa wote wamekubali, alisikia milango ikigonga juu na kuelewa kwamba amedanganywa.

"Mama, umeniponza."

"Simama nyuma yangu."

Walishuka mmoja baada ya mwingine. Mshonaji alikuja amejifunga khanga kifuani, sabuni mkononi. Bwana arusi alikuwa na mswaki mdomoni. Nesi, muuguzi mstaafu wa ghorofa ya juu, alishuka taratibu akishikilia ukuta. Walimkuta Mama Kasuku amesimama kati yao na sanduku, mgongo ameuegemeza kwenye mfuniko.

"Nani amezima?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?" mshonaji alifoka. "Nina nguo za harusi mezani, mashine imekufa katikati ya mshono! Mama Kasuku, kazi yako ni kusahihisha vitabu, si kutusahihisha sisi."

"Hata fundi umemleta," alisema bwana arusi, akitoa mswaki. "Kumbe ulishapanga! Fundi, washa. Unamwogopa mwanamke?"

"Namwogopa," alisema Dakika Tano.

Kicheko kikaanza, na katikati yake akashuka Baba Kasuku. Walipomwona kicheko kikaongezeka. Mtu akasema haya, mwenyewe huyo, atupe kingine. Alifika kidato cha mwisho cha ngazi akasimama. Hakuwa amenyoa.

"Mimi ndiye niliyemwita fundi aufungue waya," alisema.

"Tunajua, si ulitusimulia!"

"Sikuwasimulia hili. Jumanne mtoto wangu aliita, na sauti haikutoka. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Ukuta mmoja. Nilikuwa naimba." Akamtazama mkewe. "Angekuwa amekauka pale, mimi ningemaliza wimbo."

Mshonaji alikuwa bado anatabasamu, akingoja mwisho wa mzaha. Aliungoja kwa muda, kisha tabasamu likakosa pa kukaa.

Nesi alimgeukia Mama Kasuku. Aliuliza kwa sauti ya kazini, kavu, ya mtu anayejaza kadi. "Mkono uligoma kuachia?"

"Uligoma," alijibu Mama Kasuku.

"Kifua nacho kikabana, ndiyo maana sauti ikakosekana." Akakaa kwenye ngazi. "Nimefanya kazi wodi ya dharura miaka ishirini na tisa. Hao nimewapokea. Wengine nimewapokea wa kuandikiwa saa ya kufa tu. Na juzi Baba Kasuku kaja mlangoni kwangu kunieleza, nikamcheka kwa sababu ni yeye." Akawatazama mmoja mmoja. "Nendeni mkazime heta zenu. Mnangoja nini?"

Walipanda. Dakika Tano akaufungua utepe, akaukaza waya wa kijani mahali pake, na swichi kuu ikapandishwa. Kisha wakaanza kuwasha heta, nyumba baada ya nyumba, mtu mmoja akipaza sauti kutoka juu na mwingine akipokea ngazini.

Mama Kasuku alitaka yake ianze. Alikuwa na hakika itapita. Alitaka waione ikipita. Mumewe aliiwasha, na papo hapo swichi kuu ikaruka chini kwa mlio kama wa kofi.

"Ehe!" alisema mshonaji, bila ubaya mkubwa. "Msahihishaji, kosa kwako."

"Kwetu," alisema Mama Kasuku. Masikio yalimwaka moto. "Andika: nyumba ya kwanza. Tuendelee."

Ya mshonaji ikapita, na ya bwana arusi, na mbili nyingine. Ya Nesi ikakata. Hizo mbili ndizo zilizokuwa zikivuja: ya chini ikimpiga wa juu, ya juu ikimpiga wa chini, na wanne wa katikati wakipigwa na zote mbili huku wakivaa ndara. Shughuli nzima ilichukua saa mbili na nusu.

* * *

Jumatatu Mama Kasuku alirudi kwa wakala na barua yenye sahihi sita. Msichana aliisoma yote, akasema ni barua nzuri sana, kisha akampa fomu. Visanduku vilikuwa vilevile vitatu. Mama Kasuku aliishika kalamu juu ya karatasi kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa, akaweka alama kwenye *Imeungua*, mara mbili, kwa heta mbili ambazo hazikuwa zimeungua. Ulikuwa uongo wa kwanza alioandika kwa mkono wake tangu aanze kazi ya kusahihisha, na ndio uliopokelewa. Heta mpya zilifika baada ya wiki tano. Kipindi hicho chote cha baridi nyumba mbili ziliogea maji ya sufuria, na hakuna aliyewaomba radhi.

Siku hizi swichi kuu hukata mara moja au mbili kwa msimu. Inapokata, mtu hupanda ngazi akibisha kila mlango kuuliza ni nani anavuja, na Dakika Tano haitwi mpaka jibu lipatikane. Kitambaa cha mshonaji bado kimo kwenye msumari wake. Anasema ni cha kufutia kioo.

Kasuku alianza tena kuandika kwa mkono wa kulia, lakini alikataa kulifungua bomba la bafuni. Hakuna aliyemlazimisha. Kila asubuhi kabla ya kwenda bohari, baba yake huingia kwanza, pekupeku, akalifungua kwa mkono mtupu na kulishikilia, kimya, mpaka mtoto aliyesimama mlangoni ahesabu hadi kumi.